Jina Lisiloitwa Majini

Kaa hapo hapo ulipo, wewe unayenisikiliza, huna haja ya kusogea. Nitakwenda polepole, na nikiona jambo halijaeleweka nitarudi nyuma nilieleze upya. Mchezo wangu watu wengi hawaujui. Na nyumbani kwetu pia kuna mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua mpaka aambiwe.

Mchezo wenyewe ni mmoja wenye sehemu tatu. Unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, na saa haikusubiri hata unapofunga kamba za viatu. Mimi hushindana na wenzangu wenye viungo vilivyopungua. Mkono wangu wa kushoto unaishia chini kidogo ya kiwiko. Nilizaliwa hivyo. Daktari alimweleza mama kwamba mkono haukuendelea kukua tumboni, kwamba hilo hutokea, na kwamba hakuna aliyekosea. Maelezo hayo ni ya kweli na mimi nayaamini. Lakini kwetu, upande wa Kyuso, nilikuwa nimeshaelezwa kwa njia nyingine kabla daktari hajafungua kinywa.

Kwetu mtoto hapewi jina tupu. Hupewa jina la mtu, na akishalipewa anakuwa mtu huyo kwa kiasi fulani. Mimi nilipewa jina la nyanya, mama yake baba, aliyekufa kabla sijazaliwa. Kwa hiyo baba aliniita mama. Babu aliniita mke wangu. Nilikuwa sijaweza kuinua birika, na babu alikuwa akinitazama juu ya kikombe na kusema, "Mama watoto, chai ya leo ina moshi. Umeanza kunichoka?" Watu wote wanacheka, na mimi nacheka. Kulikuwa na kikongwe mmoja jirani aliyekuwa akinisimamisha njiani nikitoka shule ya chekechea na kuniuliza sufuria yake nitamrudishia lini, kwa maana niliiazima nikafa nayo. Nilimwahidi kila mara kwamba nitaileta kesho.

Ni utani, na si utani. Ukikulia ndani yake huoni mpaka uko wapi.

Sasa nikueleze alivyokufa, kwa sababu bila hilo hutaelewa mengine. Mto wetu ni wa mchanga. Karibu mwaka mzima ni mkavu, unautembea kama barabara, na maji unayapata kwa kuchimba shimo na kuchota kidogo kidogo kwa kikombe. Lakini mvua ikinyesha mbali, kwenye milima ambayo huioni, mto unakuja wenyewe. Unaweza kuwa umesimama chini ya jua kali, hakuna wingu, na maji yakakufikia yakiwa marefu kuliko nyumba. Nyanya alikuwa akivuka na mtungi wake mgongoni. Babu alikuwa ukingoni na ng'ombe. Alisikia mngurumo kama wa lori lililo mbali, akajua, akamwita mkewe jina ili akimbie.

Nyanya alikuwa amebakisha hatua chache kufika ng'ambo. Lakini alikuwa ameitwa na mumewe, na mtu aliyelelewa vizuri akiitwa husimama. Akasimama. Akageuka, akaitika.

Baba ndiye aliyenisimulia, si babu. Alisema walimkuta mbali chini, mto ulipokwisha kupita, amelala kama aliyejipumzisha. Ila mkono wa kushoto ulikuwa umeingia mchangani mpaka karibu na kiwiko, na mchanga umekazana kiasi kwamba ilibidi wauchimbe. Miaka ikapita, nikazaliwa na mkono unaoishia pale pale. Wanawake waliomzalisha mama hawakubishana juu ya jina.

Tangu siku ile nyumbani kwetu hakuna mtu anayeitwa jina akiwa mtoni. Unapiga mluzi, au unarusha kijiwe karibu naye, au unashuka mpaka alipo ndipo unasema naye. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyofanya. Nilikuja kushangaa nilipokwenda shule ya sekondari Makueni na kuona wasichana wakiitana kwenye kijito kana kwamba wako sokoni.

Makueni nilikaa kwa shangazi, katika mji wa Salama, kwenye makutano, ambako malori hayalali na kila mtu anauza kitu kando ya barabara. Mwalimu wetu wa michezo ndiye aliyeniona nikiendesha baiskeli ya shangazi kwa mkono mmoja, nimebeba kreti ya machungwa. Hakunihurumia. Aliniuliza kama nikipewa baiskeli isiyo na machungwa nitakwenda kasi zaidi. Nikamwambia nitajaribu. Nikajaribu, na kuanzia siku hiyo akawa kocha wangu.

Baiskeli haikunisumbua. Breki zote mbili ziliunganishwa upande wa kulia, na kwa kushoto nikatengenezewa kikombe cha mpira cha kuegemeza mkono juu ya usukani. Kukimbia nako ni kujifunza tu kutopinda mgongo, kwa sababu upande mmoja una uzito kuliko mwingine. Kazi ilikuwa maji. Alinifundisha kwenye bwawa la kuogelea la nyumba ya wageni, asubuhi kabla wageni hawajaamka. Fikiria mtumbwi wenye kasia upande wa kulia peke yake; utageuka kushoto. Ndivyo nilivyokuwa. Kwenye bwawa la saruji kuna mstari uliochorwa chini, unaufuata, unajirekebisha.

Kuna jambo moja ambalo kocha hakunifundisha. Nchi kavu mkono wangu unaishia unapoishia, sihisi kitu zaidi ya hapo. Lakini siku ya kwanza nilipozamisha mabega, vidole vya kushoto vilikuwepo. Vyote. Nilihisi maji yakipita kati yake, baridi kuliko maji yaliyopita kwenye vidole vya kulia. Nilimweleza kocha, akanieleza kwa utulivu kwamba ubongo una ramani ya mwili mzima, hata ya sehemu ambayo haijawahi kuwepo, na kwamba wanamichezo wengine nao wamewahi kusema hivyo. Nikaridhika. Sikumwuliza kwa nini viwe na baridi.

Kisha likaja suala la mchujo. Timu ya taifa ilitaka wasichana wawili wa kundi letu, na mashindano ya kuwachagua yangefanywa Makueni kwenye bwawa kubwa la udongo, lile tunaloliita silanga. Maji ya wazi, hakuna mstari, hakuna chini. Asiyeogelea pale hachaguliwi, hata akiwa upepo kwenye baiskeli. Nilimpigia baba simu. Baba akasema kwa upande wake hana neno, lakini mwenye mke ni babu.

Kocha akadhani ni mzaha. Nikamwambia si mzaha, twende.

Tulipanda gari mpaka Mwingi, na kutoka Mwingi mpaka Kyuso, kocha akiwa na sukari na majani ya chai kwenye mfuko. Tulimkuta babu kivulini mwa ghala, anachambua ndengu kwenye ungo, anatoa vijiwe. Kocha alianza vibaya. Alieleza habari za timu, za medali, za kupanda ndege. Babu akaendelea kutoa vijiwe. Baada ya muda kocha akatua mfuko chini, akavuta kigoda.

"Mzee," akasema, "kusema kweli nimekuja kukuazima mke."

Babu akainua macho kwa mara ya kwanza. "Unaazima mke wa mtu kwa kilo mbili za sukari?"

"Na majani."

"Na majani." Babu akatikisa ungo. "Basi wewe una adabu. Aliyemchukua mara ya kwanza hakuleta hata majani."

Hakuna aliyecheka. Mimi nilijua anamsema nani, na upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa mto.

Alichambua mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema nitaingia majini, lakini yeye atakuwa ukingoni kila siku nitakapoingia, na nikiwa ndani mtu yeyote asiniite jina. Mtu yeyote. Kocha akakubali kama anavyokubali mtu akimwambia tuanze na mazoezi ya viungo. Tuliporudi barabarani nikamweleza sababu. Akasema, "Mimi ni mtu wa kanisa, na hayo siyaamini. Lakini filimbi nitanunua."

Likizo ile tulifanya mazoezi kwenye silanga la kwetu, ambalo mbuzi hunyweshwa. Maji yake ni kama chai ya maziwa. Unaponyoosha mkono mbele, unapotea ukifika kiwikoni. Kwa hiyo mle ndani mikono yangu yote miwili ilikuwa sawa. Nilicheka nilipoliona hilo mara ya kwanza. Halafu nikaacha kucheka, maana nilipotazama chini sikuweza kujua kwa macho ni mkono upi wenye vidole, na kwa kuhisi, yote miwili ilikuwa navyo.

Babu alikaa juu ya tuta, fimbo magotini. Kocha alipiga filimbi: mara moja nenda, mara mbili geuka. Mbuzi walikuja kunywa. Siku moja nilipumua nikawaona wote wameinua vichwa, maji yanadondoka kwenye ndevu, wanatazama. Hawakunitazama mimi. Walikuwa wanatazama mahali pembeni yangu, upande wa kushoto, kama umbali wa mtu anayetembea na mwenzake. Nilipotoka majini na kuuliza, kocha alisema mbuzi hutazama chochote kinachosogea. Babu alisema ni wakati wa kuwarudisha nyumbani. Nikaendelea kupinda kushoto, ila sasa kila siku nilipinda kwa kiasi kile kile, taratibu, kama mtoto anayeongozwa kuvuka barabara.

Siku ya mchujo babu alivaa koti lake la kanisani. Kocha alikuwa ameshawafuata waandalizi na kuwaomba nitajwe kwa nambari pekee, kwa sababu za kifamilia. Wakamwitikia vizuri. Nao walitimiza. Waliyemsahau ni mshereheshaji, mtu mchangamfu aliyezoea harusi na harambee, aliyekuwa na kipaza sauti na spika mbili kubwa juu ya gari. Hakuwa mtu mbaya. Aliona msichana mwenye mkono mmoja anaogelea, akataka kumtia moyo, akauliza waliokaa karibu, "Huyu ni wa nani?" Na mama mmoja kutoka Kyuso, kwa fahari yake yote, akamwambia jina langu.

Nilikuwa nimezunguka boya la pili, lile pipa la manjano linaloelea, mbali kabisa na ukingo. Nilikuwa wa tatu. Waliohitajika ni wawili, na nilijua baiskeli ingenipa nafasi ya pili nikitoka majini nikiwa karibu. Ndipo jina likaja.

Lilikuja mara mbili. La kwanza kutoka ukingoni, kwenye spika, la furaha. La pili kutoka kwenye ukuta wa bwawa nyuma yangu, limechelewa kidogo, limeshuka, kama mwanamke mzima anayerudia alichosikia ili ahakikishe.

Nikasimama.

Nataka nikueleze hapa vizuri, kwa sababu kocha ameniuliza mara nyingi na sijawahi kumjibu nikaridhika. Kusimama majini ni kuacha kusonga. Miguu inashuka, na kama una mkono mmoja, mkono huo unafanya kazi yote ya kukuweka juu. Sikuwa nimechoka. Sikuwa nimeogopa, hofu ilikuja baadaye. Nilisimama kwa sababu nilikuwa nimeitwa. Nilikuwa tayari nimegeukia ukingoni, kinywa kimeshafunguka kuitika, na maji yakaingia. Na vidole vya kushoto, ambavyo siku zote vilihisi maji tu, sasa vilikuwa ndani ya kitu kizito chenye chembe chembe, kilichokazana. Bwawa lile lina kina cha watu kadhaa. Mchanga ulikuwa mbali sana chini yangu. Nilivuta, na hakikuachia.

Wenzangu walinipita mmoja mmoja, kwa mawimbi madogo yaliyonipiga usoni. Mwokoaji kwenye mtumbwi wake wa plastiki aliinua mkono kuniuliza kama niko sawa, nami sikuweza kuinua wa kumjibu, kwa kuwa nilikuwa na mmoja. Mshereheshaji, akiona nimesimama, akadhani nahitaji kutiwa moyo zaidi. Akaita tena. Na ukuta ukaita tena.

Babu amechunga mifugo maisha yake yote. Ana sauti ya kumfikia mtu kilima cha pili. Niliona koti jeusi likisimama kwenye ukingo, nikasikia akisema kwa Kikamba, wala si kwa kupiga kelele, kwa kulituma tu neno mahali pake:

"Mwenye jina hilo hayuko."

Spika zikanyamaza. Bwawa zima likanyamaza.

"Nilimwita mimi, mara moja, na akaitika. Yatosha. Huyo ni mtoto. Mwache apite."

Sijui alikuwa anamwambia nani. Watu walicheka, nilisikia kicheko kikipita juu ya maji. Walidhani mzee amekasirikia kelele. Mshereheshaji akaomba radhi kwenye kipaza sauti, akasema pole mzee wangu. Mimi nilihisi kile kizito kikilegea, polepole, jinsi mkono wa mtu aliyelala unavyolegea. Kisha hapakuwa na kitu. Hapakuwa na mchanga, wala vidole, wala baridi. Mkono uliishia unapoishia. Nikapiga maji kwa ule mwingine, na kwa mara ya kwanza niliogelea nikiwa peke yangu.

Nilitoka majini wa mwisho. Kocha alikuwa amepauka lakini alifanya kazi yake: alinitajia wako wangapi mbele na upepo unatoka wapi. Niliwapata kwenye baiskeli, kwenye mteremko ambao wengine waliuogopa. Kwenye kukimbia kulikuwa na msichana mmoja mwenye mguu wa chuma ambaye sikumwona ila mgongo. Nikamaliza wa pili.

Babu alinisubiri na leso, akanifunika mabega. Akaniita kwa jina langu lingine, la ubatizo, ambalo hakuwahi kulitumia hata siku moja na hakulitamka sawasawa. Aliniambia nimekimbia vizuri. Nikasubiri amalizie na neno lake, aseme mke wangu leo umenichosha, au chochote. Hakusema. Hajasema tena tangu siku hiyo. Baba bado hujisahau akaniita mama, kisha anakohoa.

Usidhani nalalamika. Nilienda na timu ile, na nyingine baada yake. Nimeogelea baharini, na kwenye maziwa ya nchi ambako maji yanauma meno, na bado napinda kushoto, na bado kocha ananigombeza kwa hilo. Vidole sijavihisi tena. Siku nyingine, nikiwa katikati ya maji nisiyoyajua na wenzangu wamenizunguka, hujikuta nimetega sikio. Ni upweke mdogo, na mtu anauzoea. Mtu aliyekuwa wawili akawa mmoja lazima ajifunze upya hata kupumua.

Siku hizi, msimu ukiisha, narudi Kyuso na kuwafundisha watoto wa kwetu kuogelea silangani. Wako wenye mikono miwili na wako kama mimi. Huyu asiye na kiganja cha kulia anapinda kulia, yule wa mguu mmoja anazama nyuma kwanza, na wote tunawarekebisha kwa subira, maana hakuna mwili usiofundishika. Wazazi hukaa juu ya tuta, na babu hukaa nao. Nimewaeleza jinsi ya kukaa, na wewe nakueleza vile vile. Ukimleta mtoto kwenye maji yasiyoonyesha chini, yote unayotaka kumwambia mwambie akiwa bado nchi kavu. Akishaingia, usimwite jina. Vaa nguo nyekundu, simama mahali pamoja anapoweza kukuona, na usiondoke hapo mpaka miguu yake yote miwili iwe juu ya udongo mkavu.